Mashine ya Ubongo na Ugomvi wa Sukari

Mwezi uliopita mlinifanyia chai ya kuniaga, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, halafu mkaniambia niseme maneno machache. Nikasimama, nikaitazama keki, na yote niliyokuwa nimepanga kusema yakaniponyoka. Mtu aliyetumia maisha yake ya kazi na watu wanaosahau hapaswi kushangaa. Kwa hivyo nimekaa hapa kwangu Kiplombe, kuku wanagonga mlango kama wagonjwa wa asubuhi, nawaandikia niliyopaswa kusema siku ile. Vyeo sitavitaja. Walionipandisha wanajua, na walioninyima wanajua zaidi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa nesi kijana katika hospitali ndogo ya binafsi hapa Eldoret. Sikuajiriwa kwa ajili ya ubongo. Nilikuwa wadi ya akina mama, na ningezeekea huko kama Daktari Wafula hangerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alirudi na sanduku la nguo na kreti ya mbao. Sanduku lilipotelea uwanja wa ndege, kreti ikafika salama, na kwa muda mrefu tulimwona akivaa suti moja huku akiwa na mashine ambayo hakuna hospitali nyingine ya karibu iliyokuwa nayo.

Alituita manesi wote, akauliza nani haogopi stima. Wenzangu walitazama sakafu. Mimi nilikuwa nimewahi kubadilisha fyuzi ya pasi ya matroni, nikainua mkono bila kufikiri sana. Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi. Nawaona ninyi mkija na vyeti vinavyojaa bahasha, nami nanyamaza.

Mashine yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilichora mawimbi ya ubongo kwa kalamu nyembamba juu ya karatasi iliyokuwa ikitembea, nayo ilipiga kelele kama cherehani. Ya pili ilikuwa kisanduku cheusi chenye kipaza sauti kidogo. Daktari alinieleza kwamba ubongo hutoa umeme kidogo sana, na kwamba mtu akitulia huku akili yake iko macho, umeme ule huja kwa mpangilio fulani. Kisanduku kikiuona mpangilio huo, kinalia. Mlio wake ulikuwa mwembamba, kama mbu aliyesomea muziki. Mgonjwa akiusikia anajua yuko njia sawa, na akizoea anajifunza kuuita utulivu ule mwenyewe. Daktari alitumaini kwamba wazee walioanza kusahau, wakifunzwa hivyo, wangeshika mambo vizuri zaidi. Hakusema inaponya. Alisema tunajaribu, na alipenda kulisema neno hilo kwa Kiswahili mbele ya wagonjwa ili wasidhani ni jambo kubwa.

Alinijaribu mimi kwanza. Akanibandika waya, akaniambia nitulie. Nikatulia kwa nguvu zangu zote, nikakaza meno. Kimya. Nikaimba wimbo wa kanisani moyoni. Kimya. Daktari akachoka, akaenda kutafuta chai, nami nikabaki nikitazama doa ukutani. Kisanduku kikaanza kulia. Alirudi mbio akaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nafikiria kitu. Akasema nina kipaji. Mpaka leo sijaamua kama nilisifiwa.

Sasa niwaambie kuhusu vifaa, maana ninyi mnawavalisha wagonjwa kofia iliyokwisha kushonwa waya na mnadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Sisi tulikuwa na vikombe vidogo vya madini, kila kimoja na waya wake, na gundi nyeupe yenye chumvi ya kuvishikiza kichwani. Kazi yote iko kwenye nywele. Mzee mwenye upara ni zawadi. Mama aliyesukwa jana kwa ajili ya harusi ni mtihani, kwa sababu lazima ufikie ngozi bila kuharibu msuko, na akitoka pale na gundi nyeupe juu ya mistari hakuna daktari atakayekutetea. Nilijifunza kuwatangazia mapema: Mama, njoo na kitambaa. Gundi ilipoisha, nayo ilikuwa ikitoka ng'ambo, tulitumia sifongo na maji ya chumvi, na wagonjwa wakatoka wananuka kama samaki wa omena.

Muujiza wetu wa kwanza ulikuja upesi sana. Tulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiwasahau wajukuu. Kila akiketi asubuhi, kisanduku kililia bila kukoma, mlio mzito, wa uhakika. Daktari alitembea kwenye korido kama mtu aliyeoa. Bibi mwenyewe alikuwa bado anawasahau wajukuu, lakini Daktari alisema ubongo unaenda mbele na tabia itafuata. Ndipo siku moja kisanduku kikanyamaza ghafla katikati ya mlio, na papo hapo kinu cha posho cha jirani, kilichosaga mahindi kwa stima, nacho kikanyamaza. Tukatazamana. Daktari akatoka nje, akavuka ua, akamwomba mwenye kinu akiwashe tena. Kikaunguruma, na kisanduku, ambacho sasa hakikuwa kimefungwa kwa kichwa cha mtu yeyote, kikaimba. Tulikuwa tumekipa mafunzo ya kumbukumbu kinu cha posho, tena kikafaulu.

Daktari Wafula aliketi kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaingia ndani kumweleza bibi yule na bintiye kwamba yote aliyowaambia yalikuwa makosa. Nimefanya kazi na madaktari wengi baada yake. Wa kucheka niliwapata. Wa kuingia ndani na kueleza walikuwa wachache. Tulihamisha chumba upande wa pili wa hospitali, tukazika waya mmoja ardhini ili kuondoa umeme wa kupotea, na kuanzia hapo nikawa naanza kila siku kwa kuwasha mashine bila mgonjwa. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama kompyuta inawaambia kila kitu ni sawa.

Chumba kipya kilituletea shida nyingine. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, kwamba siku zile picha ya Rais ilikuwa lazima itundikwe kila ofisi, kila duka, kila mahali penye ukuta. Ya kwetu ilitundikwa mbele ya kiti cha mgonjwa, kwa sababu ndipo msumari ulipokuwa. Wagonjwa wakikaa na kuitazama, wanakaa wima, mikono kwenye magoti, kama wako paredi. Hakuna ubongo uliotulia pale. Daktari akakigeuza kiti, picha ikabaki nyuma ya mgonjwa, na mlio ukaanza kusikika.

Lakini habari ilikuwa imeshaenea mjini kwamba hospitali yetu ina mashine ya kusoma mawazo. Haikuchukua muda, akaja bwana mmoja mwenye koti la ngozi, mpole sana, aliyesema anatoka ofisini bila kusema ofisi gani. Siku zile hukuuliza. Alikizunguka kiti. Akamwuliza Daktari kama mashine inaweza kujua mtu anafikiria nini juu ya serikali. Daktari akamjibu kwamba inaweza tu kujua kama mtu ameamka au amelala, na hata hapo inabahatisha. Bwana yule akauliza kwa nini mgonjwa anaipa picha mgongo. Daktari, bila kupepesa, akasema mgonjwa anafumba macho, na mtu aliyefumba macho hajampa mtu mgongo, amemwaminia alinde nyuma.

Bwana yule akavua koti, akasema ajaribiwe. Nilimbandika vikombe. Mwanzoni kimya kabisa. Nadhani yule alikuwa mtu ambaye hajawahi kutulia tangu aajiriwe. Kisha mabega yakashuka, kisanduku kikalia kidogo, na baadaye kikanyamaza kwa sababu amelala fofofo na mdomo wazi. Tuliogopa kumwamsha. Alipoamka alijifuta gundi, akatuambia mashine haina madhara kwa taifa. Mlangoni akageuka, akamwuliza Daktari kwa sauti ya chini kama inaweza kumsaidia mtu anayesahau majina ya watu. Tukamwambia aje. Hakuja, labda alisahau.

Nimewaeleza haya yote ili mwelewe chumba kilikuwaje alipoingia Mzee Gathogo.

Mzee Gathogo alikuwa na duka pale Soy, nje ya mji. Yeye na mkewe, Mama Njeri, walitoka Nyeri wakiwa vijana, wakajenga duka, wakazaa, na watu wa Soy walimjua kwa mizani yake. Ilikuwa mizani ya zamani, ya sahani mbili na mawe ya chuma, nayo aliifuta kila asubuhi kabla ya kufungua. Mama Njeri ndiye aliyemleta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa kichwani, anayesema polepole ili usimwulize mara ya pili. Alitueleza kwamba mumewe amefunga duka kwa kufuli wateja wakiwa ndani. Kwamba alimimina mafuta ya taa kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, na kama mtoto asingepiga kelele kuhusu harufu, nusu ya Soy ingekula chapati zinazowaka. Kwamba anamshtaki yeye mkewe kuwa anaficha funguo, huku funguo ziko mfukoni mwake.

Mzee alikuwa ameketi pale pale, anasikiliza kama habari za jirani. Akasema, "Huyo mtu mnayemsema anahitaji kusaidiwa." Halafu akaona tunamtazama, akainamisha kichwa. Alikuwa anajua. Hilo ndilo jambo gumu la ugonjwa ule unapoanza, na mtakutana nalo kila wiki. Anayeanza kusahau anajiona akisahau.

Daktari alipokwisha kumpima, Mama Njeri alibaki nyuma kidogo, akatuambia kuna jambo moja zaidi. Karibu na duka anaishi mkulima mmoja, Arap Birir. Miaka mingi nyuma, Arap Birir alisimama katika baraza ya chifu, mbele ya watu wote, akasema amenunua sukari kwa Gathogo, akaipima tena nyumbani, ikapatikana imepungua, na kwamba mizani ya yule Mkikuyu ni ya wizi. Tangu siku hiyo wanaume wale wawili hawakusalimiana. Walikaa kanisa moja, mmoja upande wa dirisha, mwingine upande wa mlango. Watoto wao walicheza kwa kujificha.

"Sasa amesahau," Mama Njeri akasema. "Juzi Birir alipita nje, huyu akamwita kwa jina, akamwuliza habari za ng'ombe. Birir alidhani ni mtego, akaenda mbio. Siku ya pili akarudi kuona kama ni kweli. Siku hizi anakuja, anakaa kwa gunia, wanaongea mpaka saa ya kukamua. Daktari, mimi naomba. Hiyo mashine ikimkumbusha mambo mengine, hiyo moja isiiguse."

Daktari alimwambia kwa upole kwamba ubongo si kabati, ambapo unafungua droo moja na kuacha nyingine. Mama Njeri akasema anaelewa, lakini tujaribu.

Tukaanza. Alikuja na mkewe kila siku ya soko ya hapa mjini. Kabla ya mashine nilikuwa namwekea vitu kwenye sinia: kiberiti, sindano, kijiko, sabuni, na vingine. Namwacha avitazame, nafunika kwa kitambaa, namwambia ataje. Mwanzoni majina yalimtoroka, lakini duka halikumtoroka. Angeniambia, "Kulikuwa na ile kitu inaenda haraka mwezi wa mvua," yaani kiberiti, au, "Ile inakaa kwa rafu mpaka inaota vumbi." Aliwahi kujaribu kuniuzia sinia yangu mwenyewe, na alikuwa karibu kufaulu.

Kwenye mashine alihangaika. Alikaza uso, akakunja ngumi, akataka kukilazimisha kisanduku kulia kama mtu anayesukuma gari. Nikamwambia asisukume. Akaniuliza, kama hasukumi, kitatembeaje? Ilimchukua wiki nyingi. Halafu siku moja, bila mimi kusema neno, mlio ukaja, mwembamba, mtulivu, ukakaa. Kwanza nilisikiliza kama kinu cha posho kimewashwa. Hakikuwa.

Alipofungua macho nilimwuliza alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anapima. Alijiona nyuma ya kaunta, ameweka jiwe upande mmoja, anamimina sukari upande wa pili, polepole, kidogo kidogo, na anangoja sahani zote mbili zisimame sawa. "Pale zinaposimama," alisema, "hapo ndipo inalia."

Nimeona njia nyingi za watu kutulia tangu siku hiyo. Mama mmoja alikuwa anapepeta maharagwe. Mwalimu mmoja kutoka Chepsaita alikuwa anafuta ubao. Msiwape wagonjwa mawimbi ya bahari na misitu kutoka kwenye vitabu vyenu. Waulizeni mikono yao ilikuwa inafanya nini.

Kuanzia hapo Mzee akawa na nafuu. Sisemi alipona. Lakini aliacha kumshtaki mkewe. Funguo zikipotea, alikuwa anasimama, anafumba macho pale dukani, anapima sukari yake ya kichwani, halafu anajipapasa mifuko. Wateja walizoea kungoja. Kwenye sinia alikuwa anataja karibu vitu vyote. Daktari, aliyekuwa ameumwa na kinu cha posho, hakutembea kwenye korido safari hii. Alisema huenda ni mashine, huenda ni kukaa kimya na mtu anayekujali, na kwamba hajui atavitenganishaje.

Ikaja siku niliyokuwa ninaiogopa bila kujua. Mzee ameketi, mlio unaenda vizuri, Mama Njeri anafuma kando. Ghafla mlio ukakatika. Nikatazama kalamu, zilikuwa zinaruka ovyo. Nikatazama waya, zilikuwa mahali pake. Mzee alikuwa amefumbua macho, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwa nimeuona, uso wa mtu mwenye umri mdogo zaidi na mkali zaidi.

"Nilikuwa nimepima sawa," akasema.

Mama Njeri akaweka sindano chini.

"Ile sukari ya Birir. Nilikuwa nimepima sawa, na alinisema mbele ya chifu."

Alivua vikombe mwenyewe, gundi ikamshuka sikioni. Alisema anaenda kwa Birir. Mkewe akambembeleza, akamwambia ni jioni sasa, wataenda kesho. Alininong'oneza tukitoka kwamba kesho atakuwa amesahau. Kwa mwaka mzima yule mama alikuwa amemwomba Mungu mumewe akumbuke, na usiku ule, aliniambia baadaye, alipiga magoti akaomba asahau. Sijui huko juu walilipokeaje ombi hilo.

Kesho yake gari la hospitali lilikuwa linaenda Soy kuchanja watoto, nami nilikuwa zamu. Nilipofika nilimkuta Mzee Gathogo nje ya duka amevaa koti la kanisani na kofia, duka limefungwa, mkewe nyuma yake amekata tamaa. Alikuwa amelala na kuamka na bado anakumbuka. Kitaaluma nilipaswa kufurahi. Niliwaachia wenzangu watoto na sindano, nikafuatana na Mzee na mkewe, kwa sababu kama wazee wale wangepigana, ni mashine yetu iliyowapiganisha.

Arap Birir alikuwa zizini anawapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mguu mmoja mgumu. Alituona, akaacha bomba. Alianza kumsalimia Gathogo kama alivyozoea, kisha akaona ile kofia na ule uso.

Gathogo akamwambia, "Nimekumbuka."

Nilitegemea Birir akasirike, au ajifanye hajui. Badala yake alivuta kigogo, akaketi, kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali na ameambiwa aliweke chini.

"Nilikuwa nakungoja ukumbuke," akasema.

Akatueleza polepole. Siku ile ya sukari, mama mkwe wake alikuwa amekuja ghafla, na mkewe, kabla ya yeye kufika kuipima, alikuwa amechota kiasi cha kumpikia mgeni chai. Mkewe alimwambia wiki ile ile. Lakini yeye alikuwa ameshasema mbele ya chifu na watu, na hakuona njia ya kurudi nyuma, hasa kwa kuwa chanzo cha fedheha yenyewe kilikuwa mama mkwe. Akanyamaza mwaka wa kwanza, na wa pili ukawa mgumu zaidi.

"Halafu ukaanza kunisalimia," akasema. "Nikaona sasa nitaomba msamaha. Lakini ningekuombaje? Ingebidi kwanza nikuambie vile nilikutukana, na wewe umeniwekea gunia nikae. Nikashindwa, Mzee."

Mke wa Birir alikuwa amesimama mlango wa jikoni akisikiliza. Alisema, bila kumlenga mtu, kwamba chai yenyewe mama yake hakuimaliza.

Gathogo akafumba macho. Mimi na Mama Njeri tulijua anafanya nini. Tulingoja sahani zisimame. Hatimaye akauliza, "Kwa hivyo mizani yangu ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa."

"Utasema mahali ulisema ile ya kwanza."

Na Arap Birir alisema. Baraza iliyofuata, ambayo nami nilihudhuria, baada ya chifu kumaliza habari za kupanda miti na kukitii chama, Birir aliinuka na mguu wake mgumu, akatangaza kwamba mizani ya Mzee Gathogo haijawahi kuwa na kosa, na kosa lilikuwa nyumbani kwake. Watu walipiga makofi zaidi kuliko walivyopigia miti. Bwana yule wa koti la ngozi alikuwa hapo pia. Alinitafuta baada ya mkutano, akaniuliza kwa siri kama hili neno mizani lina maana nyingine ambayo ofisi inapaswa kuijua. Nikamwambia ni la kupimia sukari. Akanishukuru, akaniita kwa jina la nesi mwingine.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilisema nitawaandikia kazi jinsi ilivyo. Sehemu ya kisanduku ilikufa mwaka uliofuata. Stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu kupita kiasi, na kisanduku kikatoa moshi. Daktari Wafula alienda kufundisha mahali pengine. Mimi nilibaki na ile sehemu ya kuchora mawimbi, kisha zikaja nyingine za aina hiyo, ambazo ndizo mlinikuta nazo. Ugonjwa wa Mzee Gathogo nao haukukaa ulipokuwa. Uliendelea kushuka, taratibu, kama inavyokuwa, na Mama Njeri akawa ndiye anayeendesha duka, Mzee akiachiwa mizani tu.

Lakini ubongo si kabati, kama Daktari alivyosema. Ule ugomvi, kwa kuwa ulikuwa wa zamani, ulibaki. Msamaha, kwa kuwa ulikuwa wa juzi, ulipotea. Kila baada ya muda Mzee alikuwa anaamka na uso ule mkali, anauliza kofia yake, anataka kwenda kwa Birir kuhusu sukari. Mama Njeri alimwambia ukweli mara nyingi, kwamba jambo limekwisha, kwamba alisafishwa mbele ya chifu. Hakuamini. Alisema angekuwa anakumbuka jambo kubwa kama hilo.

Nilipita Soy siku moja nikielekea kwa wagonjwa wengine, nikaingia dukani kununua majani ya chai. Arap Birir alikuwa mbele ya kaunta, amevua kofia, anaeleza habari za mama mkwe na chai, tangu mwanzo, bila kuruka neno. Mzee Gathogo alikuwa anamsikiliza kwa makini, anamwuliza maswali, anamkatiza pale anapoona maelezo hayatoshi. Alifumba macho. Tukangoja. Halafu akampa Birir mkono juu ya kaunta, akampimia sukari, na juu ya kipimo akamwongezea kidogo.

Nilimfuata Birir nje, nikamwuliza amefanya hivyo mara ngapi. Alisema ameacha kuhesabu. Mama Njeri akituma mtu, yeye anaacha ng'ombe anakuja. Nikamwuliza kama hachoki.

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Sista, mara ya kwanza niliomba kwa sababu ya aibu," akasema. "Siku hizi nakuja kwa sababu ananisamehe vizuri."